Mkono Wangu Umeozesha Peke Yake

Dunda, Bagamoyo

Kwa Mhariri wa Picha,
Studio ya Farhan, Mapinga.

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa cheo chako na si kwa udugu, ingawa wewe ni mtoto wa dada yangu na nimekubeba mgongoni. Mambo mazito ukiyasema kwa simu huishia kwenye "sawa mjomba, nimekuelewa," kisha hakuna kinachofanyika.

Sidii ya harusi ya Lulu imefika, na shukrani nyingi. Tumeitazama kwenye TV yetu ya chogo, ambayo bado ni nzima na sioni sababu ya kuistaafisha. Kioo chake, kama unavyojua, kinakaribia kuwa mraba, na kamera zenu za siku hizi hupiga picha pana kama mkeka. Picha pana ikiingia kwenye kioo cha mraba ina njia mbili. Ama iingie nzima, ikiwa ndogo kidogo, na kuacha utepe mweusi juu na chini. Ama ijae kioo chote, na kilichozidi kulia na kushoto kikatwe. Wewe umekata. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, na sijawahi kuona mchora ramani anayeondoa Pangani ili Morogoro ionekane kubwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mkono. Baba yake Lulu, mdogo wangu Salumu, ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii nilikuwa mimi. Nilimshika bwana harusi, Ashrafu, mkono mbele ya watu, nikamwozesha binti wa ndugu yangu, nikijua nimekaa mahali pa mtu ambaye angetoa kila alichonacho ili awepo. Katika sidii yako Ashrafu yuko katikati, anang'aa, na kutoka pembeni unatokea mkono. Una saa, una kipande cha kanzu, hauna mtu. Jirani yetu Kombo alipouona aliuliza, "Mwalimu, huyu kaozeshwa na jini?" Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilimweleza kwa utulivu habari za maumbo ya vioo, akacheka zaidi.

2. Nasaha. Baada ya ndoa nilimpa bwana harusi nasaha kuhusu subira, ulimi na mashemeji. Hazikuwa ndefu. Nilitaka asikie yale ambayo mkwewe angemwambia kama angekuwa hai. Sidii yako inamwonyesha Ashrafu akitikisa kichwa kwa adabu, na sauti yangu inatoka hewani kama taarifa ya habari. Mtazamaji hawezi kujua kama kijana yuko mbele ya walii au anasikiliza redio.

3. Waliopotea. Huenda hujatafakari ni nani hukaa pembeni kwenye shughuli zetu. Ni wazee, kwa sababu wazee hawagombei nafasi. Katikati hukaa wenye haraka. Matokeo yake, Mzee Mwinyijuma, aliyetoka Pangani kwa ajili yetu, hayumo kabisa. Wajukuu zake walikuja kumtazama babu yao, tukairudia sidii mara ya pili, wakaondoka bila kumaliza chai. Shehe amebakiwa na sikio na bega. Lakini Hamidu, mwenye viti vya kukodi, ambaye alikuja tu kuangalia viti vyake, yumo mwanzo mpaka mwisho, nyuma ya bwana harusi, tena anatabasamu. Wageni wa Miono wanadhani ndiye baba mzazi.

4. Sheria. Hapa naomba usome polepole. Ndoa inahitaji walii na mashahidi wawili. Kwenye kioo chetu walii ni mkono, shahidi mmoja ni pua, na mwenzake ameachwa nje. Sisemi kwamba ndoa ya Lulu ina kasoro. Mtaa mzima tulikuwepo. Nasema ndoa iliyomo kwenye sidii ndiyo yenye kasoro. Na kwa kuwa sisi tutakufa na sidii itabaki, vizazi vitahukumu kwa sidii. Kwa tahadhari niliwapigia Lulu na mumewe kule Makurunge, nikawaomba kwamba mpaka suala hili litatuliwe, wakiitazama wasikae kochi moja. Lulu akaniuliza, "Baba mkubwa, una homa?" Hiyo si hoja.

5. Najua ulikata kwa agizo la mke wangu, Bi Mardhiya. Anasema anataka kioo kijae, na tepe nyeusi zinamkera. Nilimweleza kwamba tepe hizo ni kama pambizo za daftari, ambazo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuzilalamikia. Akanijibu, "TV yangu haijafiwa, isivae nyeusi. Na mimi si darasa la sita." Namsamehe, hakusoma ramani. Wewe nilikusomesha mwenyewe.

Kwa hiyo naomba uandae nakala pana, yenye watu wote, na kila aliyepewa ile iliyokatwa airudishe. Kama picha pana imeshafutika, niko tayari shughuli irudiwe, safari hii wote tukae katikati, mmoja nyuma ya mwenzake. Hamidu akae pembeni.

Nakutakia mkono mwepesi na mkasi mzito. Nisalimie dada yangu Nadhira, umwambie dawa ya miguu nimeipata. Nisalimie mkeo Jasmin, na wote hapo Mapinga, wanaoonekana na wasioonekana.

Mlalamikaji, na bado mjomba wako,

Mtoro Bwanausi
Mwalimu mstaafu

Tanbihi: Barua hii nilimsomea Bi Mardhiya kabla ya kuifunga, ili anisaidie nukta. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati la vyombo, akatoa sidii nyingine. Kumbe nakala pana uliileta mwanzo, akaitazama peke yake, ndipo akakuagiza ukate.

Tumeitazama pamoja. Nimo, mzima, chini ya utepe mweusi na juu ya utepe mweusi. Nasaha zangu zinaendelea. Mzee Mwinyijuma, niliyempigania hapo juu, amelala, kofia imemshukia machoni. Shehe anatazama saa yake, anaitikisa, anaitazama tena. Mashahidi wote wawili wameondoka. Vijana wa pilau wamesimama na masinia mikononi, na mlangoni, nyuma yangu, yuko Bi Mardhiya mwenyewe, anapunga mikono yote miwili kwamba inatosha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Siku ile ulifurahi, ukasema umemtimizia Salumu haki yake. Ningekwambia nini?"

Malalamiko yote matano nayafuta. Nakala pana itabaki kabatini, na wajukuu wa Mzee Mwinyijuma wakikuuliza, waambie kamera haikumfikia. Nimeirudia ile iliyokatwa, nikaitazama kwa makini zaidi. Katika nakala zote mbili aliyekuwa akisikiliza ni mmoja tu, Ashrafu, neno kwa neno, na maneno yale yalikuwa kwa ajili yake. Huyo hukumkata. Acha kioo kijae.