Dakika Moja ya Bibi Milembe

Sogeeni, enyi watu wa Simiyu! Ninyi wa Ipililo tueni majembe, ninyi wa Malampaka mnaongoja treni kaeni juu ya mizigo yenu, nanyi mliojipanga kwenye mizani ya pamba, ambako siku hizi makampuni yanawagombea kama wachumba wanaogombea binti mmoja, tegeni sikio. Nasimulia vita vya Nyanjige binti Mayige, Mwenye Sauti ya Kunong'ona, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa vifaa tiba, na jinsi alivyoitwaa dakika moja kutoka mikononi mwa kijiji kizima.

Kila asubuhi kwa siku kumi na mbili, katika zahanati ndogo upande wa Sapiwi, shujaa huyo alifanya yaleyale. Alitundika mkoba kwenye msumari. Alisalimia watu waliojaa barazani kwa sauti ambayo hata aliyekaa karibu hakuisikia. Kisha alikipangusa kwa spiriti kipimo chake, silaha aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe iwe mradi wa kumalizia shahada: kibanio cha kidole, nyaya za Kariakoo, kasha la sabuni, na taa nyekundu iliyopenyeza mwanga kidoleni ikahesabu mapigo ya moyo.

Hata asubuhi ya mwisho, spiriti haijakauka bado, nesi Lucy, Mlinzi wa Rejesta, akaingia na karatasi ya majina huku akicheka mpaka akashika ukuta.

"Nyanjige! Namba nane Bujiku, namba ishirini na tano Kristofa. Unawajua hao?"

"Ni wazee wawili," akanong'ona.

"Mzee mmoja! Bujiku la nyumbani, Kristofa la ubatizo. Siku ile mimi nilikuwa kliniki Bariadi, akabadilisha shati akarudi. Ameipenda hiyo taa!"

Ole! Jeshi la watu thelathini likabaki ishirini na tisa. Na msimamizi wake chuoni, Dokta Athanasi Asiyepunguza, alikwisha kutamka: watu thelathini, kila mmoja ahesabiwe na kipimo na kwa saa ya mkononi, dakika moja kamili, ama mradi urudiwe mwakani. Basi la kumrudisha chuoni liliondoka Bariadi saa sita mchana. Nao wote waliokaa barazani walikwisha kupimwa.

Wote, isipokuwa mmoja. Kwenye benchi, na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya safari ya mjukuu mapajani, aliketi bibi Milembe, mama wa baba yake, Mpalilia wa Ekari Tatu, ambaye pamba yake ndiyo iliyomsomesha Nyanjige tangu darasa la kwanza. Siku kumi na mbili mjukuu alikuwa akimruka. Hakuogopa kumsumbua. Aliogopa kile ambacho taa ingesema.

"Bibi," akanena, macho chini, "naomba kidole chako."

"Nangoja tangu juma lililopita, mayu, mama yangu. Nikadhani moyo wangu haujasoma vya kutosha."

Hapo vita vikaanza. Ilimpasa bibi anyamaze na mkono wake utulie, kwa maana taa ile ilihesabu kila mtikisiko kuwa pigo la moyo. Lucy akaangalia saa yake. Sekunde ya ishirini ilipotimia, Mashimba, jirani aliyekwisha kupimwa, akaegesha baiskeli mlangoni, adui asiyejua kwamba ni adui.

"Mwangaluka, bibi!" akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba! Mhola, ni salama? Ng'ombe je? Na yule mtoto aliyeungua na uji?"

Mkono ukapaa kama bendera, kibanio kikachomoka, na kipimo kikatangaza mapigo mia mbili na kumi, ambayo ni ya moyo wa kuku anayefukuzwa.

Wakaanza upya. Sekunde ya arobaini na moja wakaingia akina mama watatu, nao walikwisha kupimwa, na watoto mgongoni.

"Bibi, usijibu!" Lucy akasihi.

"Nisijibu? Watasema Milembe ana kiburi tangu mjukuu wake asome! Aibu hiyo nitaificha wapi?" Akageuka, akawajibu mmoja mmoja, kwa majina ya waume na ya watoto.

Lucy akaufunga mlango. Watu wakahamia dirishani, wakamsalimia bibi kwa huruma nyingi zaidi, wakauliza kama amezidiwa. Jua likapanda. Saa nne ikapita.

Ndipo Nyanjige aliposimama, akatoa hotuba ambayo wahandisi wataikumbuka: "Dada Lucy, shika saa. Bibi, salamu zako nipe mimi. Nitasimama nje nizipokee zote na kuzijibu kwa jina lako, wala moja haitaanguka chini."

Bibi akamkazia macho. "Wewe? Unayesalimia kama mbu?"

"Mimi, bibi."

Akatoka, akasimama kwenye ngazi ya baraza, akavuta pumzi ya miaka ishirini na minne.

"Mwangaluka!" akapaza, na kuku wakatawanyika. "Mimi ni Nyanjige wa Mayige! Anayemsalimia Milembe anisalimie mimi!"

"Kumbe anayo sauti!" mama mmoja akashangaa. "Mimi nilijua ni bubu aliyefaulu."

Wakamjia kwa mawimbi. Naye akapiga goti, akajibu, akauliza habari za mvua, za wagonjwa, za mbuzi, asimwache mtu hata mmoja nyuma. Na alipodhani ushindi umewadia, akatokea mzee Bujiku ndani ya shati la tatu, la kijani.

"Nimekuja kupimwa," akatamka kwa heshima kuu. "Leo naitwa Selestini. Ila kwanza nimsalimie shemeji yangu Milembe, uso kwa uso."

Mguu wake ukakanyaga ngazi. Mlango ulikuwa hatua mbili tu.

"Babu," akasema Nyanjige, "yule ng'ombe wako mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, amezaa?"

Mguu ukarudi chini. Ni mzee gani wa Sapiwi angeliruka swali hilo?

"Amezaa! Dume! Tena kwa shida, ngoja nikueleze..." Akamweleza mwekundu, na dada yake mwekundu, na yule mweusi anayepiga teke, mpaka ndani kasha la sabuni likalia *pii!*

"Sabini na nne!" Lucy akapiga kelele. "Na saa yangu sabini na tano!"

Basi na iandikwe, tangu Malampaka hadi mipaka ya Simiyu, kwamba siku hiyo mtu wa thelathini alipatikana, na salamu haikupotea hata moja. Vigelegele vikatikisa mabati. Bujiku akauliza kama na ng'ombe wake amehesabiwa.

Nyanjige akaingia ndani. Bibi alikuwa bado amenyoosha kidole, asije akaharibu kitu.

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Umefaulu, bibi." Hapo zamani angenong'ona, ama angeinama afunge mkoba. Lakini sauti ya barazani ilikuwa haijashuka bado, ikatoka nzima, kila mtu akasikia: "Hiki kitu nilikitengeneza kwa sababu yako! Tangu ulipoanguka ukipalilia pamba, silali vizuri kule chuoni. Naogopa utakufa kabla sijakwambia asante. Asante, bibi!"

Na baraza lote likanyamaza, dakika moja kamili, bila kuombwa na mtu.