Kigari cha Bi Harusi na Neno Langu Moja

Leo nimeadhirika Boko. Tena nimevaa suti.

Kabla hamjaanza maswali yenu ya kipuuzi, nawaambia mapema: kazi niliifanya vizuri. Hitilafu niliiona mwenyewe, nikaitengeneza mwenyewe. Kilichoniponza ni mdomo. (Mama alinionyaga sana kuhusu huu mdomo.)

Mnajua mie ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Gongo la Mboto. Mnajua pia nimeposa kwa kina Zuhura kule Temeke, na jibu halijatoka. Baba yake, Mzee Nassor, ana duka la jumla, na mie huniangalia kama mchele wenye mawe. Tangu posa ifike kwake neno lake ni moja tu: "Tunaangalia." Wanaangalia nini, hata sijui. Leo ilikuwa sherehe ya harusi ya dada yake Zuhura, Salma, nami nikaalikwa ili ukoo wote upate kuangalia kwa pamoja. Zuhura akanipa masharti: nisalimie, nile, ninyamaze.

Sasa huo ukumbi wa Boko. Ni wa kisasa, wenye kujidai. Eti bi harusi haingii kwa miguu kama binadamu wengine. Anapakiwa kwenye kigari cha gofu, kile kidogo cha umeme, kutoka getini mpaka mlangoni. Ni umbali wa kupiga chafya mara mbili ukafika! Na kigari chenyewe jamani, bora hata bajaji. Hakina milango, hakina honi ya maana, na jamaa wa mapambo alikuwa amekijaza maua ya plastiki mpaka kikafanana na kaburi la tajiri.

Bi harusi akapanda. Shela likapangwa, likapangika. Usukani kashika kaka yake, Hamudi, kijana wa miwani ya jua. Akakanyaga mafuta (mafuta yenyewe hakuna, ni betri peke yake, ila ndivyo tunavyosema). Kimya. Akakanyaga tena. Kimya. Vijana wa matarumbeta waliokuwa wamesimama mlangoni wakashusha vifaa vyao wakaanza kuchezea simu.

Hamudi naye akatoa simu yake. Huyu ana shahada ya kutazama video. Akatusomea kwamba tatizo linaweza kuwa betri, au swichi, au mota, au nyaya. Yaani kigari chote. Jamaa wa mapambo akachangia kwamba labda kimezidiwa na joto. Mie nikauma meno. Nilishaahidi kunyamaza.

Ndipo Mzee Nassor akasema, huku anaangalia pembeni, "Si tuliambiwa kuna fundi kwenye familia hii?"

Kwenye familia hii! Mmesikia? Familia! Koti nililivua sijui nililitupia nani. Zuhura alinikodolea macho ya kunikataza, lakini mie nilishafika kwenye kigari. Mita ya kupimia umeme natembeaga nayo mfukoni, hata kwenye suti (ndiyo, hata msibani).

Salma akateremshwa, akasimama pembeni na shangazi yake, Bi Mwana, aliyekuwa na chetezo cha udi akilifukiza shela lisije likapoteza harufu. Nikabinua kiti. Betri zimejipanga chini yake, nikazipima, zimejaa. Fyuzi nzima. Swichi ya ufunguo nzima. Nikamwambia Hamudi akanyage, nikatega sikio kwenye solenoidi. Haikulia.

Solenoidi, kwa nyie mnaojua kuchaji simu tu, ni swichi kubwa. Ukikanyaga, waya mwembamba unaiamsha, inalia "ka!", halafu inafungulia umeme mkubwa wa betri uende kwenye mota. Isipolia, hicho si kigari tena, ni benchi.

Basi nikaufuata ule waya mwembamba kwa kidole. Nikakuta nini? Utepe! Utepe wa dhahabu! Jamaa wa mapambo kaupitisha chini ya kiti, kaufunga kwenye waya wa solenoidi akidhani ni kamba, kauvuta mpaka ua lake likakaa vizuri. Waya umechomoka mzimamzima. Nikamwita aje aone. Akaangalia, akasema, "Mbona ulikuwa umelegea, braza." Kuna watu ukiwajibu unajipunguzia akili.

Nikakata utepe, nikasafisha kichwa cha waya, nikaurudisha, nikakaza nati. Halafu nikaazima jeki, nikainua matairi ya nyuma yawe hewani, kigari kisije kikaondoka na mtu wakati wa kujaribu. Hatufanyi kazi kihuni. Wazee wakasogea kuangalia. Mzee Nassor mwenyewe akainama, kanzu nyeupe mpyaa na joho juu, uso wake karibu na wangu kabisa. Akauliza kwa sauti ya chini kama nimeshapata. Nikamwambia nimepata, mzee. Akatikisa kichwa kuafiki. Jamani, yule mzee hajawahi kuafiki kitu changu hata salamu!

Nikaweka mita kwenye solenoidi. Nikamwambia Hamudi akanyage.

Ka!

Namba zikaruka kwenye mita, matairi yakazunguka hewani kwa raha zote. Hapo ningenyamaza, sasa hivi ningekuwa mkwe. Lakini mie furaha ilishanipanda. Nikainua kichwa, nikapaza sauti ili ukoo mzima mpaka walioko chooni wanisikie:

"Moto! Moto umefika!"

Sasa nyie mafundi wenzangu mnitetee. Nani gereji anasemaga umeme? Waya huu una moto, ule hauna moto, pima moto hapa. Ndiyo lugha yetu! Lakini Bi Mwana hajawahi kufanya kazi gereji. Alichosikia ni moto. Akatazama shela, akaona moshi umelizunguka (moshi wa udi wake mwenyewe, ameushika mkononi mwenyewe!), akapiga ukelele kunishinda mie, akakitupa chetezo. Makaa yakamwagika kwenye zulia jekundu, zulia likaanza kufuka kweli.

Salma akakusanya shela, akatimua mbio kuelekea getini. Wanawake nyuma yake. Vijana wa matarumbeta walivyosikia kelele za wanawake wakadhani bi harusi ndiye anaingia, wakaanza kupiga. Tena kwa nguvu zote! Watu wanakimbia roho mkononi, nyuma yao matarumbeta.

Na Hamudi? Zulia linafuka mbele ya macho yake, halioni. Akaruka kutoka kwenye kigari, akabeba ndoo ya juisi ya ukwaju kutoka meza ya vinywaji, akaja kuimwaga yote chini ya kiti. Chini ya kiti kulikuwa na nini? Kichwa changu. Kichwa cha Mzee Nassor. Na solenoidi.

Solenoidi ikalia ka-ka-ka, ikatoa cheche, ikafa. Hii mara ya pili imekufa kweli.

Zulia lilizimwa na bibi mmoja kwa maji ya kunywa na kandambili, wala hakuhangaika. Matarumbeta yakanyamaza. Mzee Nassor akasimama wima, kanzu imekuwa ya kahawia mpaka kifuani, mbegu ya ukwaju imemganda kwenye ndevu. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Moto uko wapi?"

"Mzee, moto ni umeme. Sie mafundi tunasemaga hivyo."

"Umeme hauna jina?"

"Unalo, mzee."

"Linaitwaje?"

"Umeme, mzee."

Akafuta ndevu, akaniambia nikisukume kigari. Nikakisukuma! Bi harusi amerudishwa, amekaa juu, mie nyuma nimeinama, shati linanata, nzi wananifuata, matarumbeta yanapiga tena, simu zote za ukoo wa Temeke zinanirekodi. Jamaa wa mapambo alipita kando yangu akaniomba nisiguse maua, mikono yangu ina sukari. Huyo naye! Mie nilidhani posa imekufa pamoja na solenoidi, na nilisukuma huku machozi yananilenga, sitanii. Namtaka yule binti.

Nimefika nyumbani, sijavua hata viatu, Zuhura akapiga. Anacheka, hana hata haya. Akaniambia baba yake amekaa na wazee, wamemaliza kuangalia, na wamekubali: eti aliyesukuma kigari ananata ukwaju bila kulalamika, huyo hatamkimbia mke. Nikaruka juu! Akaniambia nitulie, kuna sharti. Mzee amesema siku ya ndoa nitatamka yale ya kumjibu sheikh tu, na nikiongeza hata neno moja anamchukua binti yake anarudi naye nyumbani.

Nikamuuliza, sasa hapo nimekubaliwa au nimetukanwa?

Akasema, "Yote mawili. Na umeshaanza kuongea."

Haya, anayecheka nimemwona. Kadi ya mwaliko asiitegemee.