Namba Saba Iko na Mwenyewe

Siku ya tatu, Jumatano, tarehe 4 mwezi wa sita

Nimeona nyumba ya Léonie. Yeye mwenyewe hajui. Iko juu ya kilima, namba saba kati ya zile kumi na mbili ambazo komini, ofisi ya serikali ya mutaa, imejenga kwa pesa za provinsi, kwa familia zinazopanga. Unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Matofali ya kuchoma. Mulango wa buluu, na kufuli ya kweli. Nilisimama pale mpaka mulinzi akaniuliza kama niko na shida. Nikamwambia ndiyo, lakini si yeye ataitatua.

Mwaka na miezi miwili tangu muke wangu Léonie ahamie kwa dada yake Priscille, na mutoto wetu Divine. Niliuza mabati ya nyumba yetu ili niende Bambu kutafuta zahabu. Nilirudi na malaria. Hakunitukana. Alisema tu atarudi siku nitakapokuwa na mulango anaoweza kuufunga mwenyewe. Tangu hapo napika sombe, majani ya muhogo, peke yangu, na kila mara napika ya watu watatu.

Mpango: nipate ufunguo, niutie kwenye kamba, nimuvalishe Léonie shingoni bila kusema neno. Asijue kitu mbele ya siku hiyo.

Siku ya tano, tarehe 6

Komini. Nimevaa koti ya harusi. Mama Domitille wa dosiye, zile faili za wanaoomba nyumba, akafungua rejista, akasema hawezi kuniandika, jina langu liko tayari katika dosiye nyingine. Ya nani? Akasema hiyo ni siri ya kazi, liste ya waliopewa nyumba itabandikwa siku ya pili, tarehe 10, niende nyumbani nitulie.

Nitulie namna gani? Jina langu limeibiwa! Na wamelitakia nini? Hata mimi mwenyewe halijanisaidia.

Tena mimi si mutu wa kusaini ovyo. Mwaka huu nimesaini mara moja tu, mwezi wa tatu, Priscille aliponiletea karatasi kutoka kwa Léonie. Sikuisoma. Niliogopa ni ya talaka, nikafunga macho, nikasaini. Kama Léonie ndiye anaomba, nasaini. Mpaka leo hakuna aliyeniita kwa juji, basi nimenyamaza.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 7

Mwizi amejulikana. Ambroise, fundi wa kushona, tunapanga paseli moja, kiwanja kimoja. Nimemuona mbele ya namba saba, anapima dirisha na mita yake ya nguo. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ni kazi ya watu, nisubiri, mambo mazuri hayataki haraka. Akacheka. Ni kicheko cha mutu anayejipimia rido zake, mapazia ya nyumba yake.

Hapa Bunia kila mutu anajua. Hutaki paseli yako iuzwe nyuma ya mugongo wako? Unaandika kwenye ukuta. Baba yangu kule Fataki aliandika mpaka kwenye choo, na choo hicho hakuna aliyekigusa. Nimenunua kopo la rangi nyekundu.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Pentekoste. Watu wote misani, mulinzi pia. Nimeandika, herufi za urefu wa mukono: HII NYUMBA SI YA KUUZA. IKO NA MWENYEWE. FÉLICIEN. Ukuta ulikuwa mufupi, herufi mbili za mwisho zimeingia kwenye mulango. Inasomeka.

Nikakaa kwenye baraza. Kutoka pale naona mabati ya nyumba ya Priscille. Nilitafuta nguo ya Divine kwenye kamba, lakini ni mbali. Léonie akifunga mulango, anausukuma tena na bega, kuhakikisha. Chumba changu hakina hata komeo, na bado kila jioni nasikiliza lile bega. Nimemutamani mpaka nikalia, nikajipangusa na mukono wenye rangi. Macho yanawaka hadi sasa.

Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 9

Watu wa komini wamefika. Kumbe wako na sheria: nyumba yenye maandishi ni nyumba yenye mugogoro, na nyumba yenye mugogoro haipewi mutu. Wamepiga msalaba mweupe kwenye mulango, wamefunga. Mama Domitille aliniuliza kama Félicien ni mimi. Nikasema kuna Félicien wengi. Akaangalia macho yangu mekundu na vidole vyangu.

Nimerudi na furaha hata hivyo. Mimi sina, lakini Ambroise pia hana.

Siku ya pili, tarehe 10

Liste imebandikwa. Sitaki kuandika. Naandika.

Namba saba: Léonie, na bwana yake Félicien, na mutoto Divine.

Ile karatasi ya mwezi wa tatu ilikuwa ya kuomba nyumba. Léonie alikuwa akiuza makala ya kupikia na mihogo mwaka mzima, akaweka pesa za kuanzia, hakusema neno. Na Ambroise, ni Léonie aliyemupa kazi ya kushona. Rido ziko tayari, ameniletea nizione: za manjano, rangi ninayopenda. Ambroise hakucheka leo. Alizikunja polepole, akaniambia pole, jirani. Ningependa angecheka.

Siku ya tatu, tarehe 11

Priscille amekuja. Alikataa kiti. Alisema, shemeji, Léonie amelia, kisha amenituma. Siku ya kwanza inayokuja mimi niende kwa Mama Domitille na mikono mitupu, nisaini kwamba maneno ni yangu na sina mugogoro na mutu. Watafungua. Lakini herufi moja zaidi kwenye ukuta ule, nyumba inakwenda kwa familia inayofuata. Nikae kitako. Nisisaidie.

Nikauliza kama bado ananitaka. Priscille akasema angeandika jina la nani, la mulinzi?

Bado ananitaka! Nimepika sombe ya watu watatu na nimeimaliza yote.

Ila kuna kitu kinanichoma. Léonie amehangaika mwaka mzima, kisha atapanda kilima kile akute ukutani jina langu peke yake. Hiyo si haki. Kopo limebaki na rangi kidogo. Siku ya Mungu, wakiwa misani, nitapita mara moja tu, niongeze: NA LÉONIE.