Togwa Isiyoguswa na Mkono wa Mtu

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mkuu wa idara ya sayansi anastaafu. Kiti ni changu mimi wa Biolojia, au cha Shadia wa Kemia. Mkuu wa shule atatusikiliza Ijumaa. Mada yangu: vimeng'enya hubadilika, molekuli kwa molekuli, kizazi hadi kizazi, bila fundi. Nitathibitisha kwa togwa, kinywaji chetu cha ulezi! Makopo matatu kila siku. Lililo tamu zaidi linatoa mbegu ya kesho. Shadia akauliza, anayechagua kopo ni nani basi? Nikamjibu hiyo ni falsafa, haimo kwenye ratiba. Kwa nini ameuliza? Anataka kuniibia.

Jumanne, 13 Mei
Togwa chachu kama ndimu! Yote matatu! Shadia huyo. Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Kasulu, alionja, akakunja uso, akashukuru. Mama mstaarabu sana.

Jumatano, 14 Mei
Kopo la tatu tamu! Mabadiliko ya usiku mmoja! Ila kifuniko kimekaa upande, na mezani kuna unga wa ulezi. Shadia ameruka ukuta? Mke wangu Veneranda akasema nimuulize mama, huamka kabla yetu. Mkwe anahojiwa? Mimi nimelelewa vizuri. Sikuuliza.

Alhamisi, 15 Mei
Yote matamu. Nimemwona Shadia sokoni Mwanga akinunua makopo matatu. Kwa nini si manne? Nilijificha nyuma ya magunia ya dagaa mpaka shati likanuka.

Ijumaa, 16 Mei
Veneranda alimleta mama anisikilize. Nikatangaza: hapa hakuna mkono wa mtu, ni bahati na uteuzi tu! Mkuu wa shule akanywa, akaomba tena. Kiti nakiona! Ndipo mama mkwe akasimama, akasalimia kwa adabu, akasema nisilaumiwe, togwa siijui. Kila alfajiri yeye ndiye alimwaga ile chachu na kupika mpya kwa kimea chake, nisiaibike. Walimu walicheka hadi machozi. Shadia alicheka kidogo kuliko wote. Dalili hiyo! Kiti amepewa yeye. Nimeumia sana.

Jumamosi, 17 Mei
Nimefikiri. Mama hana kosa, alifundishwa maneno yale. Leo amevaa kitenge kipya. Nani amemnunulia? Shadia! Nakata rufaa, naanza jaribio upya. Safari hii makopo nimeyafungia kabatini. Ufunguo nimemkabidhi mama mkwe. Nyumba nzima, ni yeye tu ninayemwamini.