Paka Wangu Amepigwa Mnada Kanisani

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha kanisani, mbele ya mchungaji na kwaya mbili.

Mnajua tangu binti yangu Neema aende chuo, nyumba yangu hapa Engutoto imekuwa kimya. Nikirudi dukani jioni nawasha redio ili tu nisikie sauti ya mtu. Basi mwezi uliopita, jioni moja ya manyunyu, nikamkuta paka mlangoni. Wa kijivu, ncha ya mkia imekatika, ananitazama kama mgeni aliyechelewa kufunguliwa. Nikampa maziwa. Nikampa na jina: Faraja. (Ni dume. Nilichelewa kuangalia.)

Jirani yangu Mama Glory akanishauri akiwa upande wa pili wa ua wa michongoma, wala hakumwona paka mwenyewe. "Paka wa kuokota hutoroka. Usiku mlaze kwenye boksi, mtandikie khanga yako kuukuu ashike harufu yako, ufunge kwa kamba mpaka asubuhi. Atatulia tu."

Kweli, akatulia. Asubuhi namfungulia aende zake, mimi naenda dukani, jioni namkuta mlangoni ananisubiri. Namsimulia ya dukani, anasikiliza. Kitu kimoja tu kilinitatiza: hali chochote! Namwekea dagaa, ananusa, ananitazama kwa huruma, analala. Na tumbo linazidi kukua. Nikasema huyu ana minyoo.

Sasa leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisani kwetu kila mtu huleta alichojaliwa, iwe mkungu wa ndizi, maziwa au kuku, na baada ya ibada vitu vinapigwa mnada pale nje. Mimi nilinunua jogoo. Jogoo hasa, wa kienyeji, ametoka Momela. Jana jioni nikamtia kwenye boksi, nikafunga kamba, na kwa baridi hii ya Julai nikamwonea huruma nikamweka jikoni. Kando ya boksi la Faraja. Maboksi yote mawili ya vitenge, ya dukani kwangu, yanafanana kama mapacha. (Najua mmeshajua. Mimi nilikuwa sijajua.)

Asubuhi umeme hakuna, nimechelewa. Nikabeba boksi, nikapanda bodaboda. Njiani boksi linanguruma mapajani. Nikadhani ni pikipiki. Pikipiki ikazimwa, boksi likaendelea. Nikajiambia labda jogoo wa Momela wana mafua.

Ibada ikaisha. Mzee Elirehema, mzee wa kanisa ambaye ndiye mnadishaji wetu, akainua boksi langu juu.

"Jogoo la Mama Neema! Mbona zito hivi! Nani anaanza?"

Watu wakapandishiana bei mpaka nikavimba kichwa. Mama Glory akashinda.

"Fungua, Mzee, tumwone," akasema.

Mzee akakata kamba. Akatoka Faraja. Akajinyoosha, akaketi juu ya meza ya mnada, akaanza kujiramba mguu.

Mimi nimesimama tu, sielewi. Wazo la kwanza lililonijia: amemla jogoo! Nikakimbilia boksi kutafuta manyoya. (Ndiyo, niliingiza kichwa chote ndani. Na kofia.)

"Mama Neema," Mzee Elirehema akasema taratibu, "huyu jogoo wako ana masikio."

Kicheko hicho! Kabla sijatoa kichwa vizuri nikasikia Mama Glory: "Mae! Huyo si Mfalme wangu? Mbona anakula kwangu kila mchana!"

Sielewi. Mchungaji naye akasogea, miwani mkononi. "Samahanini. Huyo ni Elisha. Asubuhi huwa tunakunywa chai pamoja."

Sielewi kabisa! Yaani mwezi mzima nimeishi na mume wa watu.

Nikamkumbatia nimrudishe nyumbani, Mzee akanizuia. "Hapana, Mama. Kilichotolewa ni cha Bwana, na Mama Glory ameshakinunua."

Mama Glory tayari amenyoosha mikono. Anasema sasa atamfungia ndani, basi kutangatanga. Moyo ukanipasuka. Kwa hiyo jioni hii nirudi kwenye redio?

"Natoa jogoo badala yake!" nikasema. "Yuko nyumbani!"

"Jogoo ulishamtoa," Mzee akasema. "Huwezi kumpa Mungu kitu kimoja mara mbili."

Hapo, jamani, nikalia. Si kilio cha heshima. Kilio cha sauti, na kamasi, kofia imepinda, paka kwapani. "Mama Glory, wewe nyumba yako imejaa watoto! Mimi jioni sina mwingine wa kuongea naye!"

Kicheko kikakatika. Mama Glory akanitazama weee, akashusha mikono.

"Si ungesema, jirani," akasema. "Mchukue. Mimi niletee jogoo wangu. Ila mchana huyo ni wa kwangu."

Mchungaji akakohoa. "Na asubuhi."

Nimerudi, nimemchukua jogoo, nimempeleka kwa Mama Glory bila boksi, nimemshika mbawa, mtaa mzima umwone. Wenzangu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nimemuuzia jirani paka kwenye boksi, tena paka wake mwenyewe.

Naomba asicheke mtu. Neema, hasa wewe mwanangu, najua unasoma. Nipigie simu jioni, ila isiwe mapema sana. Zamu yangu ya Faraja inaanza giza likiingia, nataka naye akusikie.