Tone Moja Tu Chini ya Pikapu

Jumapili, 6 Julai

Hukumu imetolewa sebuleni kwangu, kikombe cha chai kikiwa mkononi mwangu. Mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi. Pikapu ni mali yake, kaachiwa na marehemu mumewe. Mimi naitunza tu, mwaka wa pili sasa. Kasema ndiyo itakayombebea vyombo. Ikifika bila kudondosha hata tone moja la dizeli, ni yangu moja kwa moja. Ikidondosha, anapewa shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Fundi magari. Anajisikia! Ndiye aliyepeleka umbea kwamba pikapu inavuja. Kasema mbele ya wote kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakaitikia kana kwamba methali kaitunga yeye. Ufa niko tayari kuuziba. Sijui uko wapi, basi.

Naapa. Shemeji hatatia spana yake kwenye pikapu hii.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeingia chini ya gari na tochi. Tone linaning'inia kwenye tumbo la tangi. Mwenye macho haambiwi tazama. Tangi limetoboka!

Nimechukua kipande kizima cha sabuni ya kufulia. Nimekikanda kikalainika, nikabandika. Dakika ishirini. Na kuna watu wanasomea kazi hii miaka mitatu.

Jioni mke wangu kaulizia sabuni. Nimesema panya. Kasema basi panya wa nyumba hii wafue na mashuka.

Jumanne, 8 Julai

Tone limehama. Sasa liko kiganja kimoja upande wa kushoto. Nimeongeza sabuni. Limehamia kulia. Linanichezea mimi, mtu mzima na ndevu zangu.

Nimebadili mbinu. Nimeweka beseni chini ya tangi. Dizeli iliyodondoka nimeichuja kwa kitambaa na kuirudisha ilikotoka. Kilichotoka kimerudi. Ukilitazama jambo hili kwa haki, gari halivuji.

Mke wangu kalitazama kwa jicho jingine. Beseni lilikuwa la kuogea. Kaoga, kisha kaja kusimama mlangoni ananuka kama kituo cha mafuta.

Jirani naye kalalamika harufu. Nimemwambia ni jenereta lake. Hana jenereta.

Alhamisi, 10 Julai

Akili ni mali. Leo nimempeleleza shemeji bila yeye kujua. Nimepita gereji kwake kama mtu anayenyoosha miguu. Nikamweleza kuhusu rafiki yangu mmoja, ana gari kuukuu, linavuja dizeli, asubuhi linawaka kwa shida. Rafiki wa mbali sana. Shemeji hamjui.

Karopoka siri zote! Kasema dizeli haipandi mlima, kwa hiyo anayetazama chini anaona ilikofika, haoni ilikotoka. Rafiki yangu afute injini yote mpaka ikauke, anyunyize poda, awashe, kisha atazame kuanzia juu. Poda itakapoloa, ndipo penyewe. Kuwaka kwa shida ni hewa. Panapotoka mafuta, gari likilala, hewa nayo inaingia. Na akibadilisha mpira wa kupitisha mafuta, aweke mpira wa dizeli. Wa maji dizeli inaula.

Nimemshukuru kwa niaba ya rafiki yangu. Kasema nimwambie huyo rafiki aoge kwanza, na atoe sabuni kwenye tangi.

Nashangaa hilo la sabuni kalijuaje.

Ijumaa, 11 Julai

Poda pekee ya nyumba hii ni ya mke wangu. Ni ya kutokea, inanukia waridi. Nimechukua kopo lote. Kesho ndiyo siku yenyewe, haya si mambo ya kubana.

Nimefuta. Nimenyunyiza. Nimewasha injini nikarudi chini ya tangi kusubiri. Najua fundi kasema juu, lakini fundi hawezi kunifundisha tangi langu mwenyewe. Nimepiga chafya mara kumi na moja. Tangi limebaki jeupe, kavu, mpaka tone likatelemka likifuata bomba lile refu linalotoka mbele.

Hapo miguu ya mke wangu imefika. Kauliza poda. Nimesema panya, halafu nikakumbuka kwamba nimejaa poda mpaka kope. Kafungua boneti, kainama, kaniita. Juu kabisa ya injini, kwenye nozeli zinazonyunyizia injini dizeli, kuna mpira mwembamba wa kurudisha mafuta. Umepasuka, ufa kama kucha. Poda yote nyeupe, pale tu pameloa. Dizeli inatoka pale, inashuka, inafuata bomba kwa nje mpaka kwenye tangi, ndipo inadondoka.

Nilikuwa karibu kufika hapo.

Kasema niende kwa kaka yake nikachukue mpira wa dizeli. Nimesema naenda. Nimeenda duka la vifaa vya bustani. Wana mpira wa maji, kipimo kilekile, tena wa kijani, unapendeza. Eti dizeli inaula! Mafundi ndivyo wanavyotutisha ili turudi kwao. Nimekata, nimechomeka, nimebana kwa waya. Nimewasha. Kavu! Nimefuta machozi. Kweli nililia kidogo. Ile pikapu naipenda.

Mke wangu kauliza kama ndio wenyewe. Nimesema ndio wenyewe.

Jumamosi, 12 Julai

Tumepakia kitanda, kabati, cherehani na viti sita. Mama mkwe kakaa dirishani, mke wangu katikati, mimi usukani. Shemeji nyuma yetu kwa pikipiki, hakualikwa. Kabla ya kuondoka mama mkwe kainama mwenyewe kutazama chini. Pakavu. Kaniita mwanangu! Miaka tisa ya ndoa, mara ya kwanza.

Tumeenda vizuri hadi katikati ya mlima. Kisha harufu. Nimefungua dirisha nikaisifu hali ya hewa. Kisha pikapu ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Nimefungua boneti. Mpira wa kijani umevimba, umelainika kama mkate kwenye chai, umechomoka. Dizeli imelowesha kila kitu. Nimefunga boneti upesi nikasema injini imechoka, tuiache ipumzike.

Mama mkwe kashuka. Katazama barabara. Matone yalitoka tulipo mpaka chini ya mlima, yamepangana kwa adabu. Nimesema ni maji. Kagusa moja kwa kidole, kanusa, kajifuta kwenye kola ya shati langu.

Shemeji hakucheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Katoa mfukoni mpira mweusi. Alikuja nao toka asubuhi! Nikamwambia simruhusu aguse. Kasema hana haja, kampa dada yake. Mke wangu kakata, kachomeka, kakaza vibano, kasukuma pampu ya mkono kutoa hewa. Kaingia kwenye usukani, kawasha. Ikaitika mara ya kwanza. Mimi haijawahi kuniitikia hivyo.

Mama mkwe katoa hukumu palepale. Mkwe hapati, tone si moja. Shemeji naye hapati, maana uani kwake kuna magari matatu yasiyo na milango, na yote yaliingia yakiwa nayo. Pikapu ni ya binti yake. Funguo kampa binti mkononi.

Nafasi mbele ilikuwa ya watatu, ila mama mkwe kasema nanuka. Nimekuja nyuma, nimeshika kabati.

Jumapili, 13 Julai

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Shemeji hakupata. Pikapu iko uani kwangu. Mke ni wangu. Kwa hiyo nani kashinda? Mimi! Mpira wa kijani haukuwa na kosa, ule mlima ndio ulizidi.

Asubuhi hii wote walikuwa bado ndani wanapanga vyombo vya mama. Nimetoka kuiangalia. Chini pakavu. Juu pakavu. Kila mahali pakavu kabisa, hadi nikapata wasiwasi. Kazi ya haraka vile, kando ya barabara, mwanamke, mara yake ya kwanza! Mtu mwenye uzoefu lazima ahakikishe. Nikachukua spana nikaongeza kukaza nati ya bomba, pale kwenye pampu. Kidogo tu. Robo mzunguko.

Sikujua kwamba nati ya shaba inaweza kukatika kimya vile.

Nimeweka sufuria chini. Ni ile kubwa ya mama mkwe, ndiyo iliyokuwa karibu. Sabuni ninayo. Mke wangu anaimba jikoni, bado hajatoka nje.