Kamati ya Mazishi Haikushauriwa

Kamati ya Mazishi,
Kabiro, Kawangware.

Kwa Daktari Msimamizi,
Kituo cha Tiba ya Uraibu,
Kawangware 46.

Mheshimiwa Daktari Kaluki,

KUH: KUPONYA WATU BILA KUISHAURI KAMATI

Pokea salamu za heshima kutoka kwetu sisi watu wa Magharibi tunaoishi Kabiro. Ninaandika kwa masikitiko, wala si kwa ugomvi. Tangu mfungue kituo chenu cha kutibu watu wa unga, kamati ninayoiongoza imevurugika, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kutupa pole.

Wewe ni mtu wa Machakos, kwa hivyo niruhusu nikueleze desturi yetu. Mtu wetu akifia Nairobi, hatumzikii Nairobi. Anarudishwa nyumbani kwa basi, kwaya ikiimba, na hata jirani ambaye hakuwahi kumsalimu atachanga. Kazi hiyo tunaiweza. Vijana wetu wa unga wametupa mazoezi ya kutosha. Malalamishi yetu ni haya:

1. Mmetuharibia mipango. Kijana akianza kulala mtaroni na kuuza viatu vyake, sisi hatungoji kuambiwa. Tunachagua picha ya tangazo mapema, kabla sura haijaisha. Ya kijana wangu Derrick tumeshachagua, ile ya siku ya kipaimara, amevaa shati jeupe la kuazima. Nikiitazama ninaumia sana, lakini kamati nzima ilikubaliana kwamba ni picha nzuri. Sasa ninasikia wahudumu wenu wanamfuata huko mtaroni wakimsihi aje kutibiwa. Mimi ni babake na pia ni mwenyekiti, na sikuulizwa kwa cheo chochote kati ya hivyo viwili.

2. Suala la Boaz. Huyu, kijana wetu mwingine wa unga, alipotea, tukasikia amekufa, tukaamini, maana habari kama hiyo huku hailetewi ushahidi. Kamati ikakaa. Nyamai, seremala wetu, akaunda jeneza kwa kukisia, kwa sababu mtu wa unga huwa anajulikana upana wake. Mkutano ukiwa katikati Boaz akaingia, amenyoa ndevu, amenenepa, akasema, "Wazee, niaje. Chai imebaki?" Kumbe alikuwa kwenu wakati wote huo. Alikunywa chai ya matanga yake mwenyewe, akaisifu, kisha akaomba kujiunga na kamati. Jeneza lenyewe halimtoshi tena. Nyamai ameligeuza kabati, na kila anayeingia kwake anaulizia ni nani aliyefariki.

3. Kwaya. Magdaline, anayetuongozea kwaya kutoka Soweto East kule Kibera, alialikwa na familia moja kuimba siku mtoto wao alipomaliza matibabu. Ikabainika kwamba kwaya nzima haijui hata wimbo mmoja wa mtu aliye hai. Waliimba ule wa kumuaga marehemu, ila waliuharakisha kidogo na kupiga makofi. Aliyepona alitoka nje akakaa huko mpaka walipomaliza. Daktari, aibu hiyo ni yenu, si ya Magdaline.

4. Mnatugombanisha na watu wa nyumbani. Maiti ikifika kijijini hupokewa kwa vilio na kutulia mahali inapowekwa. Hawa wenu wanashuka kwa miguu yao wenyewe, wanaomba chakula, kisha wanauliza ni nani aliyelima sehemu yao ya shamba. Ndugu zao walikuwa wamekwisha kuwalilia na kugawana. Mmoja alimpigia simu katibu wetu akilalamika kwamba tumewatumia mtu mzima.

5. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Niliiomba kamati itoe watu wa kumsindikiza Derrick kuja kwenu kila asubuhi kunywa dawa siku akikubali, maana peke yake hawezi kupita pale kona wanapouziana unga. Watu hawa humsindikiza maiti mpaka Butula, kwetu Magharibi, bila kunung'unika, lakini kuja hapo Kawangware 46 walisema ni mbali. Wakanikumbusha kwa upole kwamba katiba yetu inamtambua marehemu tu. Nelima, mamake Derrick, alisimama akauliza, "Kwani mnangoja afe ndio mumpende?" Nilimwambia yuko nje ya ajenda. Wote walimhurumia, wengine wakalia naye, na wakamwahidi kwamba siku hiyo ikifika hatapungukiwa na kitu: basi, maturubai, sufuria, hata mtu wa kumshika asianguke kaburini. Sasa Derrick akipona, upendo huo wote mnataka tuupeleke wapi? Tutaonekana watu wasio na utu.

Kwa hivyo tunaomba kituo chenu kisimponye mtu yeyote kabla ya kupata idhini ya kamati kwa maandishi. Hasa Derrick, asiguswe mpaka tukae. Kamati hukaa mtu akishakufa.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, mama wa jikoni, na wagonjwa wenyewe. Waambie tulikuwa tumejiandaa nao vizuri.

Wako katika kuzikana kwa heshima,
Murunga,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Aliyekuletea barua hii ni Derrick mwenyewe. Wahudumu wenu wamemsihi akakataa. Mimi na mamake tumemlilia akakataa. Lakini aliposikia ninaandika kuwashtaki, alifurahi, akasema, "Buda, hiyo nipee nipeleke mwenyewe. Hao wasee wamezoea kunisumbua." Bahasha nimeifunga, hajui nilichoandika hapa chini. Nimemwambia asirudi nyumbani bila majibu. Nelima anakuja nyuma yake na nguo na blanketi, na mimi nitakuwa namsindikiza kila asubuhi, kamati itafute mwenyekiti mwingine. Nakuomba, Daktari, mkalishe, mpe chai, na usiharakishe kujibu. Akiuliza, mwambie bado unasoma.